Ziara za Kriketi: Mechi Fupi, Mechi Ndefu

Ziara ya timu ya taifa ya kriketi ni safari ya wiki kadhaa, pengine miezi, ambapo timu ya nchi moja hufunga mizigo ikaenda kucheza na wenyeji mechi mfululizo. Hapo ndipo kriketi inapoachana na kandanda. Harambee Stars ikialikwa ugenini hucheza dakika tisini, ikalala usiku mmoja, ikarudi Nairobi. Timu ya kriketi hukaa. Hucheza leo, hupumzika kesho, huhama mji, kisha hufanya jambo ambalo wachezaji wa kandanda hawajawahi kuombwa kulifanya: hubadilisha aina ya mchezo katikati ya safari. Wiki hii mechi ya saa tatu, wiki ijayo mechi ya siku nzima, na ya tatu mechi ya siku nne au tano, huku wachezaji wakiwa karibu wale wale.

Msikilizaji wa Bura, Mwatate au Voi aliyekulia kwenye kandanda na voliboli huenda akaona hizo ni tofauti za saa tu. Si za saa tu. Katika kriketi timu mbili za watu kumi na mmoja hupokezana zamu: moja hupiga mpira na kukusanya mikimbio, nyingine hurusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji. Mirusho sita ni ova moja. Mpigaji akitolewa, wiketi imeanguka, naye hatapiga tena katika zamu hiyo. Wiketi kumi zikianguka, zamu imekwisha.

Katika mechi ya T20 kila timu hupewa ova 20 tu, na mrushaji mmoja haruhusiwi kupita ova 4. Mpigaji hana muda wa kupoteza. Anayejilinda kwa ova tano ameidhuru timu yake. Katika mechi ya siku moja ova ni 50, na mrushaji hukomea ova 10. Mechi ndefu, ambayo kilele chake ni mechi ya Testi ya siku tano, haina kikomo cha ova kwa mrushaji wala kwa zamu, na kila timu hupiga mara mbili. Huko mpigaji anaweza kusimama tangu asubuhi hadi jua kuzama, akiuacha mpira baada ya mpira upite bila kuugusa, na mashabiki wakampigia makofi kwa kukataa kupiga. Yule mwepesi wa T20, anayefyatua mpira wa kwanza nje ya mpaka, huko hutolewa kabla ya chai. Ndiyo, kriketi ndefu ina mapumziko rasmi ya chakula cha mchana na ya chai, na yote mawili yameandikwa katika sheria za mchezo.

Hata mpira hubadilika. Mechi fupi huchezwa kwa mpira mweupe, wachezaji wakivaa rangi za nchi zao. Mechi ndefu za mchana huchezwa kwa mpira mwekundu, wachezaji wakivaa nyeupe. Mpira mwekundu hung'arishwa upande mmoja kwa kusuguliwa kwenye suruali, na upande wa pili huachwa uchakae. Tofauti ya pande hizo mbili huufanya upinde hewani. Mpira ukizeeka na pichi, yaani ukanda wa katikati mpira unaporushwa, ikianza kupasuka siku ya tatu au ya nne, warushaji wa mpira wa polepole unaozunguka ndio huwa wafalme. Katika T20 mpira haupati hata nafasi ya kuzeeka.

Kwa hiyo kocha anayechagua kikosi cha ziara ya aina zote tatu anachagua timu tatu ndani ya moja. Anahitaji wapigaji wenye subira na wapigaji wenye haraka, warushaji wanaoweza kurusha ova 25 kwa siku na wengine ambao ova zao 4 ni za ujanja mtupu. Nchi tajiri za mchezo huu, kama Uingereza, India na Australia, hubadilisha nusu ya kikosi kila aina ya mechi inapobadilika. Nchi yenye wachezaji wachache hupanda ndege na watu wale wale na kuwataka wawe kila kitu, na ziara huonyesha hilo upesi kuliko mashindano ya nyumbani.

Afrika Mashariki imeonja hali hiyo tangu zamani. Kriketi ilifika na maofisa wa Kiingereza, na ikakua zaidi mikononi mwa jamii za Kihindi zilizokuja kujenga reli na kufungua maduka. Reli hiyo ilipita Voi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi lake likajengwa kupitia Bura na Maktau kuelekea Taveta. Wanajeshi kutoka Uingereza, India na Afrika Kusini, nchi tatu zenye kriketi, walipiga kambi katika nyika hiyo mwaka 1915 na 1916. Walichoacha ni njia ya reli na makaburi. Mchezo wenyewe ulibaki mijini, Mombasa na Nairobi, ndani ya kuta za klabu.

Mwaka 1958 timu ya wachezaji wasio Wazungu wa Afrika Kusini, ikiongozwa na Basil D'Oliveira, ilikuja kucheza Afrika Mashariki kwa sababu nyumbani kwao sheria za ubaguzi ziliwazuia kuiwakilisha nchi. Ziara hiyo inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa, kwani D'Oliveira baadaye aliichezea Uingereza, na kuchaguliwa kwake kwa ziara ya Afrika Kusini mwaka 1968 kuliifanya serikali ya huko iikatae timu nzima. Ziara ikavunjika, na suala la ubaguzi katika michezo likawa la dunia nzima.

Ziara kubwa ya kwanza ya timu ya Afrika Mashariki kwenye jukwaa la dunia ilikuwa mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza, nchini Uingereza. Timu iliitwa Afrika Mashariki, ikikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na nahodha wake alikuwa Harilal Shah. Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, watu wenye kazi zao. Mechi za wakati huo zilikuwa za ova 60 kwa kila upande. Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171 bila kutolewa, na timu yake ikafikisha 309. Afrika Mashariki ilipiga ova zake zote 60 ikapata 128. Hesabu hiyo inaeleza mengi: wapigaji hawakuangushwa wote, walikaa hadi mwisho, lakini walikaa kama watu wanaocheza mechi ndefu. India iliwashinda kwa wiketi kumi, na Uingereza kwa mikimbio 196.

Mara nyingi masimulizi ya safari hiyo huishia hapo. Lakini kabla ya kurudi nyumbani, timu ilikwenda Taunton, magharibi mwa Uingereza, ikacheza na Sri Lanka mechi ndefu ya daraja la kwanza. Huko pia walishindwa. Hata hivyo ratiba yenyewe ilikuwa ya ziara kamili, mechi fupi na mechi ndefu katika mwezi mmoja, na Sri Lanka, ambayo wakati huo ilikuwa mwanachama mshiriki tu wa baraza la kriketi la dunia, ICC, kama Afrika Mashariki, iliendelea kuzitafuta mechi ndefu za aina hiyo hadi ikapewa hadhi ya Testi mwaka 1981. Mwaka huo huo Kenya ilijitoa katika timu ya Afrika Mashariki na kujiunga na ICC kwa jina lake yenyewe.

Kenya ilipanda kwa mechi ya siku moja. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia dhidi ya West Indies, ilitolewa kwa mikimbio 166, na watazamaji wengi wakaona mchezo umekwisha. Kisha Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote duniani wakati huo, akaugusa mpira wa Rajab Ali kwa ukingo wa gongo lake, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, ambaye siku hiyo mikono yake haikuwa ikitulia, akaudaka. West Indies ilianguka kwa mikimbio 93. Nahodha Maurice Odumbe alitoa wapigaji watatu kwa mikimbio 15 tu na kutangazwa mchezaji bora wa mechi.

Miaka saba baadaye, mwaka 2003, Kombe la Dunia likichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, timu ya nahodha Steve Tikolo na kocha Sandeep Patil ilifika nusu fainali. Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 pale Nairobi Gymkhana. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na Kenya ikapewa pointi. Wapo wanaosema njia ilikuwa rahisi. Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe hazikuangushwa na hofu ya usalama, ziliangushwa uwanjani. India iliisimamisha Kenya mjini Durban tarehe 20 Machi, kwa mikimbio 91, Sourav Ganguly akipiga 111 bila kutolewa.

Hapo ndipo ziara zilipohitajika kuliko wakati wowote, na hapo ndipo zilipokauka. Kenya ilikuwa imeomba hadhi ya Testi, lakini Bangladesh ndiyo iliyopewa, mwaka 2000. Ikumbukwe kwamba Bangladesh ilipata ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi ya kimataifa ya siku moja dhidi ya Kenya hiyo hiyo, mjini Hyderabad mwezi Mei 1998. Kabla ya hapo, katika mechi za namna hiyo, Kenya ndiyo iliyokuwa mbele. Tofauti ilikuwa kwamba Bangladesh sasa ilialikwa kila mwaka kucheza mechi za siku tano na timu kubwa. Ilishindwa karibu zote kwa miaka mingi, tena vibaya, lakini ilikuwa ikisoma. Kenya mwaka 2004 ilialikwa kwenye mashindano ya ndani ya West Indies, Carib Beer Cup, ikaonja kriketi ndefu visiwani. Mwaka huo huo ICC ilianzisha Kombe la Mabara, mechi za siku kadhaa kwa nchi zisizo na hadhi ya Testi. Lakini wakati huo huo wachezaji wa Kenya na chama chao walikuwa kwenye mgogoro wa malipo. Kwa mechi za kimataifa za siku moja hali ilikuwa mbaya zaidi: baada ya Kombe la Mabingwa la Septemba 2004 nchini Uingereza, Kenya haikucheza hata moja hadi Februari 2006. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilikaa karibu mwaka mmoja na nusu bila mechi ya namna hiyo.

Iliporudi, ilirudi kwa ziara. Zimbabwe, Februari na Machi 2006: mechi mbili kwa mbili. Bangladesh, Machi 2006: mechi nne, zote zikaenda kwa wenyeji. Mpangilio wa nguvu uliokuwapo kabla ya 1998 ulikuwa umegeuka juu chini, na sababu kubwa haikuwa kipaji. Mchezaji wa Kenya alirudi kutoka ziarani kwenye mechi za klabu za wikendi jijini Nairobi. Mwenzake wa Bangladesh alirudi kwenye ligi ya siku nne. Mtu hajifunzi subira ya siku nne kwa kucheza Jumapili mchana.

Kisha ikaja T20, na wengi walidhani mchezo mfupi ungezipendelea timu ndogo. Kenya ilicheza mechi zake za kwanza za kimataifa za T20 Nairobi, Septemba 2007, na siku chache baadaye ilikuwa Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia la kwanza la aina hiyo. Mjini Durban New Zealand iliitoa kwa mikimbio 73. Mjini Johannesburg tarehe 14 Septemba, Sri Lanka ilipiga 260 katika ova 20, rekodi ya dunia wakati huo, na kushinda kwa mikimbio 172. Ufupi wa mechi husaidia timu dhaifu pale tu inapokuwa na wapigaji na warushaji walioizoea. Bila mazoea, ova 20 ni muda mfupi sana wa kurekebisha kosa.

Ziara inayoonyesha yote haya kwa pamoja ni ya Sharjah, mwaka 2013. Kenya ilisafiri kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu kucheza na Afghanistan, ambayo kwa sababu ya vita ilikuwa ikifanya uwanja wa Sharjah nyumbani kwake. Ilikuwa ziara fupi lakini kamili: T20, mechi za siku moja za kugombea nafasi ya Kombe la Dunia la 2015, na mechi ya siku nne ya Kombe la Mabara, yote yakibanwa katika muda usiozidi wiki mbili, kwenye joto ambalo Oktoba ya Ghuba bado haijalilegeza.

Tarehe 30 Septemba, katika T20, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 56. Ni hesabu ambayo mpigaji mmoja mwenye siku nzuri huifikisha peke yake. Siku nne baadaye, katika mechi ya siku moja, Kenya iliishia 93, Afghanistan ikazifikia kwa kupoteza wiketi tatu tu, na kwa ushindi huo ikafuzu Kombe la Dunia la siku moja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wachezaji wake walishangilia uwanjani, na mpinzani aliyewafungulia mlango alikuwa Kenya, iliyofika nusu fainali miaka kumi kabla. Baada ya hapo wachezaji wa Kenya walivaa nyeupe wakaingia kwenye mechi ya siku nne.

Afghanistan haikuwa nchi tajiri. Wengi wa wachezaji wake wa kwanza walijifunza mchezo kwenye kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Ilijiunga na ICC mwaka 2001, na mwaka 2008 ilikuwa bado kwenye daraja la tano la dunia, ikicheza kisiwani Jersey. Ilipanda kwa kucheza kila mahali, kila aina ya mechi, bila kuchagua. Mwishoni mwa 2013 iliingia fainali ya Kombe la Mabara la siku nne ambako ilikutana na Ireland. Miaka mitatu na nusu baadaye, Juni 2017, nchi hizo mbili zilipewa hadhi ya Testi. Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja mapema mwaka 2014, nchini New Zealand, katika mashindano ya kufuzu.

Kuna Wakenya waliofanya ziara bila kupitia mlango wa klabu za Nairobi. Vijana wa Kimaasai wa Laikipia walijifunza kriketi kutoka kwa mtafiti wa nyani aliyetoka Afrika Kusini, wakaunda timu inayocheza kwa shuka na shanga, na mwaka 2012 wakasafiri hadi Cape Town kwa mashindano ya Last Man Stands, ambayo ni ya timu za watu wanane na mechi fupi. Mwaka uliofuata walikuwa Uingereza. Wengine huitazama timu hiyo kama onyesho la mavazi tu. Wanaosema hivyo hawajatazama jinsi mkono uliozoea kurusha mkuki unavyojifunza kurusha mpira bila kukunjua kiwiko, ambalo ndilo sharti gumu la urushaji wa kriketi. Pia walitumia mchezo huo kupinga ukeketaji katika jamii yao.

Mfano wa Laikipia unaihusu Bura zaidi kuliko ule wa Gymkhana. Kutoka Bura hadi uwanja unaojulikana wa kriketi ulio karibu zaidi, ule wa Mombasa Sports Club, kijana hupanda matatu kupitia Mwatate hadi Voi, kisha husafiri takriban kilomita 150 nyingine. Pichi nzuri ya udongo huhitaji kumwagiliwa na kushindiliwa kwa roli kwa muda mrefu, jambo gumu mahali ambapo maji ya bomba yenyewe ni ya kusubiriwa. Lakini zulia la plastiki linalotandazwa juu ya saruji hutumika sehemu nyingi duniani, nalo halinywi maji. Uwanja wa kandanda wa shule, wenye vumbi lake jekundu, unatosha kwa mechi ya ova 20. Kwa mechi ya siku nne hautoshi, na ndiyo maana timu changa nyingi za sasa zinakulia kwenye T20 peke yake.

Tangu Januari 2019 mechi ya T20 baina ya timu zozote mbili za wanaume za wanachama wa ICC huhesabiwa kuwa ya kimataifa. Mlango umefunguka. Uganda iliutumia vizuri kuliko jirani zake: Novemba 2023, nchini Namibia, katika mashindano ambayo Kenya pia ilishiriki, iliishinda Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024, lililochezwa West Indies na Marekani. Huko Guyana iliishinda Papua New Guinea, na katika nchi hiyo hiyo ikatolewa na West Indies kwa mikimbio 39. Kenya nayo husafiri kwa T20 na kwa mechi za ova 50 za Ligi ya Challenge, ambazo hazihesabiwi kuwa mechi za kimataifa za siku moja. Kwenye mechi ndefu, Kenya haikuwamo katika Kombe la Mabara la 2015 hadi 2017, na baada ya awamu hiyo shindano lenyewe halikuendelea.